Mto Kipkaren na Ushahidi wa Majina: Hoja kutoka Lumakanda

Katika mabishano ya ardhi ya magharibi mwa Kenya kuna hoja moja inayotupwa mezani kama turufu: mto huu una jina la lugha yetu, basi nchi unayoipitia ilikuwa yetu. Lumakanda, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari katika Kaunti ya Kakamega, ni mahali pafaapo kuipima hoja hiyo, kwa kuwa pale ramani inampa kila mdai kitu cha kushika. Mto mkubwa wa jirani ni Kipkaren, jina lenye sura ya Kikalenjin tangu silabi yake ya kwanza. Majina ya Lugari, Lumakanda na mto Lusumu, ulio kusini zaidi, yana kiambishi lu- cha Kibantu. Mashariki uko uwanda wa Uasin Gishu, uliopewa jina la Wamaasai wa Ilwuasinkishu, na kaskazini magharibi, anga likiwa safi, unaonekana mlima Elgon, ambao jina lake nalo limepitia kinywa cha Kimaasai. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba jina la mto au mlima lililoandikwa katika ramani linatueleza kwanza njia aliyopita mwandishi na lugha ya waliomwongoza. Habari za mwenye ardhi huja baadaye sana, na mara nyingi haziji kabisa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Msomaji wa ramani ya Peru hukutana na Kikechua kila bonde: mayu ni mto, urqu ni mlima, qucha ni ziwa, pampa ni uwanda. Apurímac, mto unaoingia katika orodha ya vyanzo vya mbali kabisa vya Amazon, hufasiriwa kuwa ni bwana anenaye. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kila penye jina la Kikechua palikuwa pa Wainka, na kabla ya Wainka hapakuwa na wa kutajwa. Wanaisimu wa Andes wamelikataa hitimisho hilo kwa sababu mbili. Kwanza, chini ya Kikechua kuna lugha nyingine. Mto Vilcanota, ule unaoanzia kwenye kivuko cha La Raya na kupita karibu na Cuzco, una jina linaloelezwa kwa Kiaimara kuwa nyumba ya jua, na Rodolfo Cerrón-Palomino amedai kuwa hata jina la Cuzco, kitovu cha dola ya Wainka, asili yake ni Kiaimara. Pili, Kikechua kilienea zaidi baada ya Wahispania kufika. Wamisionari walikichukua kuwa lugha ya jumla ya mahubiri. Mtaguso wa Tatu wa Lima, uliokutana 1582 na 1583, uliagiza katekisimu ya Kikechua na Kiaimara. Padri, karani na mkusanya kodi waliingia mabondeni wakiwa na Kikechua mdomoni, na wakayaandika majina kwa masikio yaliyozoea Kikechua. Kwa hiyo baadhi ya majina yanayoonekana ya kale kuliko msalaba yalifika pamoja nao.

Sasa tazama njia iliyomleta Mzungu wa kwanza mwenye kalamu katika nyanda zetu. Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 alikuwa ametoka Mombasa na msafara wa watu wa pwani, akapita katikati ya nchi ya Wamaasai. Lugha ya njia hiyo, baada ya Kiswahili, ilikuwa Kimaasai. Ndiyo maana mlima ambao Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba, na ambao miongoni mwa wakazi wake wa siku nyingi wamo Wakony, uliingia katika ramani kwa umbo la Kimaasai la jina la Wakony hao. Laiti msafara ungekuwa na wasemaji wa Kiluhya mbele, watoto wetu leo wangesoma juu ya mlima Masaba, na kilele cha Wagagai, chenye mita 4,321, kingebaki na jina lake lile lile, kwa maana lenyewe halikuhitaji mkalimani wa Kimaasai. Naivasha, Nairobi na Eldoret ni mazao ya barabara hiyo hiyo, hata kama Eldoret imekuja kupata mkia wa Kikalenjin.

Mfano ulio wazi kupita yote uko katika Mlima Kenya. Halford Mackinder alipoupanda mwaka 1899, vilele vikuu vilipewa majina ya ukoo wa malaiboni (viongozi wa kidini) wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Wenyeji wa miteremko yake ni Wakikuyu, Waembu na Wameru, na Wakikuyu wana jina lao la mlima, Kirinyaga. Je, kuna mtu atakayesimama mbele ya tume ya ardhi na kudai kwamba mita 5,199 za Batian ni malisho ya Wamaasai kwa sababu ya jina? Atachekwa. Lakini hoja ya aina hiyo hiyo ikitolewa juu ya mto mdogo wa Lugari haichekwi. Inasikilizwa kwa makini, wakati mwingine kwa hofu.

Mito inahitaji uangalifu zaidi kuliko milima. Mlima husimama mahali pamoja na kutazamwa kutoka pande nyingi, hivyo hupata majina mengi kwa wakati mmoja. Mto hutembea, na kila jamii inayoupokea huuita kwa namna yake mpaka unapotoka mikononi mwake. Katika nchi ya Wanandi mito Kimondi na Mokong hukutana, na ukishuka bondeni unausikia mto uliotokana nayo ukiitwa Yala. Wakipsigis wana Sondu, Wajaluo wana Miriu, na mto ni mmoja. Waliojenga kituo cha umeme huko walikuwa na busara ya kuyaandika yote mawili, Sondu-Miriu. Vilcanota nao, ukishuka, huitwa Urubamba, na mbele zaidi maji yake huingia Ucayali. Desturi ya jina moja tangu chemchemi hadi ziwani ni ya mpimaji, ambaye karatasi yake haina nafasi. Mvuvi, mchungaji na mama anayeteka maji hawajawahi kuihitaji.

Nzoia ni mfano mwingine. Unakusanya maji ya milima ya Cherangani na ya Elgon, unapokea Kipkaren katika nchi hii ya Lugari, unaporomoka kule Webuye na kumwagika Ziwa Victoria upande wa Budalang'i. Ramani inauita Nzoia kote. Kisha juu ya jina hilo serikali ya kikoloni ikajenga jingine, Trans Nzoia, yaani ng'ambo ya Nzoia. Ng'ambo kwa nani? Kwa mtu wa Kitale si ng'ambo hata kidogo, ni nyumbani. Ni ng'ambo kwa afisa aliyekuja kutoka upande wa Eldoret na reli. Kaunti nzima ya Kenya huru inabeba mpaka leo alama ya mahali aliposimama karani mmoja, na sijaona mtu akilalamika. Wahaidrolojia nao wamekuja na ubatizo wao: kituo cha kupimia maji cha Rwambwa, chini huko, kinaitwa kwa msimbo wa tarakimu na herufi. Pengine hilo ndilo jina pekee la mto huu lisiloweza kudaiwa na kabila lolote.

Turudi Kipkaren, maana hapo ndipo hoja ya umiliki ina uzito wa kweli na haifai kupuuzwa kwa mzaha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilimega ardhi ya hifadhi ya Wanandi, sehemu ya Kipkaren na ya Kaimosi, ili kuwapa askari Wazungu waliorudi vitani. Dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea msukosuko wa Wanandi wa mwaka 1923. Kwa hiyo Mnandi anaposema Kipkaren ni jina la kumbukumbu ya kupoteza, anasema kweli. Lakini angalia ukweli huo unasimama juu ya nini. Unasimama juu ya mipaka ya hifadhi iliyotangazwa, barua za maafisa, hati za mashamba yaliyogawiwa, na maneno ya wazee walioona mifugo ikihamishwa. Jina la mto halikuongeza chochote katika ushahidi huo. Lingekuwa la Kimaasai au la Kiluhya, dhuluma ingebaki ile ile. Anayeacha nyaraka hizo na kushika jina amejidhoofisha mwenyewe, kwa sababu jirani yake naye ana la kwake.

Na jirani huyo alifikaje? Mashamba ya walowezi ya eneo hili yalinunuliwa wakati wa uhuru chini ya mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, kwa mikopo iliyotoka Uingereza na Benki ya Dunia, yakakatwa kuwa skimu: Lugari, Lumakanda, Mautuma, Chekalini. Waliopata ploti walitoka Maragoli, Bunyore, Tiriki, Kabras na Bukusu, wakaja na deni la kulipa na majina ya vijiji walikotoka. Majina ya Wazungu yalififia upesi. Broderick Falls ikawa Webuye, Hoey's Bridge ikawa Moi's Bridge. Lakini Kipkaren haikuguswa, na Waluhya wa skimu, wengi kiasi hicho, hawakuubatiza upya mto waliokuta. Kituo cha biashara kando ya barabara kuu kinaitwa Kipkaren River, kwa Kikalenjin na Kiingereza pamoja, na wanaouza mahindi pale hawaoni ajabu.

Sababu zake, kwa maoni yangu, ni za kawaida kabisa. Mto haukugawiwa. Ploti ilikuwa na mwenyewe mpya na jina jipya, lakini maji yalibaki kati ya pande mbili, na upande wa pili walikuwapo watu wanaoutaja kila siku. Jina la kitu mnachogawana halibadilishwi na mmoja. Tena, mpimaji aliyechora mipaka ya skimu alitumia ramani iliyokuwapo, na mlowezi mpya akalikuta jina katika barua ya kumpa ploti kabla hajauona mto wenyewe. Kilicholihifadhi jina ni ujirani na makaratasi, na vyote viwili vilifanya kazi hiyo wakati mtumiaji wa jina hakuwa tena yule aliyelitunga.

Mwanahistoria atapinga, na ana haki. Pale pasipo maandishi, atasema, majina ni sehemu ya kumbukumbu chache tulizo nazo. Christopher Ehret alijenga historia ya Waniloti wa Kusini kwa ushahidi wa lugha, na Gideon Were, katika kitabu chake cha 1967 juu ya Abaluyia, alitegemea masimulizi yanayojaa majina ya vilima na mito ya uhamiaji. Sikatai. Majina mamia yakipangwa kwa pamoja, sauti zake zikilinganishwa kwa kanuni, mtawanyiko wa kap- na kip- ukiwekwa kando ya mtawanyiko wa lu- na bu-, picha ya mwingiliano wa karne nyingi hujitokeza, na ni picha ya thamani. Ninachokataa ni jina moja kung'olewa katika kundi hilo na kupelekwa barazani kama shahidi. Hesabu ya jumla inaeleza mwendo wa lugha. Haiwezi kutaja ukoo uliolima ukingo fulani mwaka fulani.

Isitoshe, katika nchi hii mpaka kati ya lugha na watu haujawahi kunyooka. Watachoni, wanaokaa Lugari, Matete na Webuye, wanasema lugha ya kundi la Kiluhya, na masimulizi yao yanawaunganisha na jamii za Kikalenjin za upande wa Elgon. Chetambe, kilima kilicho juu ya Webuye ambapo Wabukusu walipambana na jeshi la Hobley, afisa wa kikoloni wa Uingereza, mwaka 1895, kinabeba jina la Mtachoni. Ikiwa mababu wa msemaji wa leo wa Kiluhya waliwahi kusema lugha nyingine, jina lenye sura ya Kikalenjin laweza kuwa urithi wake kwa damu na urithi wa jirani yake kwa lugha. Wamaasai wa Ilwuasinkishu nao, waliposhindwa vitani katika nusu ya pili ya karne ya 19, baadhi yao walikimbilia kwa Waluhya, wakapigana kwa malipo ya watawala wa Wanga, na wengine wakamezwa humo. Uasin Gishu limebaki jina la watu ambao wengi wao hawako tena katika uwanda huo.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipovuka mji wa Turbo na kusukuma maelfu ya watu barabarani, wengine wakipiga kambi Lugari, hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya isimu. Lakini lugha ya nani mwenyeji na nani mgeni ilikuwa tayari mdomoni, na majina ya mahali yalikuwa sehemu ya lugha hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake mwaka 2013, na madai ya dhuluma za ardhi za kihistoria yalipewa mlango wake katika Tume ya Taifa ya Ardhi. Wanaoyasikiliza wangefanya vyema kuliweka jina la mto katika daraja linalolistahili: dokezo la mahali pa kuanzia uchunguzi, lisilo na uzito wowote mpaka limeungwa mkono na mpaka uliotangazwa, hati au ushuhuda.

Wasomi nasi tuna deni letu. Ramani za Idara ya Upimaji zinaandika jina moja kwa kila mto, na mara nyingine kwa tahajia mbili, Kipkarren na Kipkaren, kana kwamba tofauti pekee iliyowahi kuwapo ni ya herufi. Vijito vinavyoingia Kipkaren na Nzoia, vile ambavyo wakulima wa Lumakanda na Mautuma wanavuka kila siku, vingi havina jina katika karatasi hizo ingawa mdomoni vinalo, pengine mawili au matatu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega, safari fupi kutoka hapo, na kina wanafunzi wanaozisema lugha za kingo zote. Kazi ya kwanza ni kutembea kila kijito kutoka chini hadi juu, kuwauliza watu wa kila ukingo wanakiitaje, na kuandika majibu yote, pamoja na mahali hasa ambapo jina moja linakoma na jingine linaanza.