Meya Wanne wa Elisabethville: Uchaguzi wa Desemba 1957 na Swali la Mwenyeji

Utangulizi

Mwenye kutafuta mtawala wa mji hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni nani aliye na uwezo wa kuushika utumishi huo. La pili ni nani aliye na haki ya kumteua. Katika Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, liliongezeka swali la tatu: mtawala huyo ni mtu wa wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi swali hilo lilivyozaliwa katika uteuzi wa mameya wa kwanza Waafrika mwishoni mwa 1957, na jinsi lilivyoyameza yale mawili ya awali.

Mji wa watu waliokuja

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, reli ya kutoka kusini ilipofika na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilipokuwa ikijiandaa kuyeyusha shaba. Mahali hapo hapakuwa na watu wa kutosha kwa kazi ya migodi. Kwa hiyo mwaka huohuo wa 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuajiri vibarua kutoka mbali. Wengi wa awali walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye serikali ya Wabelgiji, kwa kuhofia kuitegemea nchi ya Waingereza, ilielekea Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli iliunganisha Bukama na Port-Francqui kupitia Kasai, na njia ikawa nyepesi. Waluba wa Kasai, ambao wengi wao walikuwa wamepata elimu ya misheni, waliingia si migodini tu bali pia katika ukarani, reli na biashara.

Kiswahili nacho kilienea mjini kwa njia hiyohiyo. Hakikuwa lugha ya kuzaliwa ya vijiji vya jirani. Kilikua katika kambi za wafanyakazi, sokoni na shuleni, kikiungwa mkono na waajiri pamoja na wamisionari. Yaani lugha ambayo leo ni alama ya mwana wa Lubumbashi ilijengwa na watu ambao karibu wote walikuwa wageni.

Kabla ya 1957

Kwa muda mrefu uteuzi wa mtawala haukuwahusu watawaliwa. Kwa dekrii ya Novemba 1931, mitaa ya Waafrika ilipewa utaratibu wa pekee uliojulikana kama centre extra-coutumier, maana yake kituo kilicho nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Kituo kilikuwa na chifu wake na baraza lake, lakini chifu huyo aliteuliwa na serikali na kusimamiwa na ofisa Mbelgiji. Sifa iliyotazamwa kwanza ni utiifu na uwezo wa kutuliza watu wa makabila mengi. Aliyetoka mbali hakukataliwa kwa sababu hiyo.

Uchaguzi na matokeo yake

Dekrii ya Machi 1957 iliigawa miji mikubwa katika komine, kila moja na baraza na meya. Juu yao alikaa meya wa kwanza, mtumishi wa serikali na Mbelgiji. Desemba 1957 wanaume watu wazima wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville (Likasi ya leo) walipiga kura kuchagua madiwani. Wanawake hawakupiga kura. Serikali iliepuka neno uchaguzi, ikapendelea kusema ni mashauriano, kwa kuwa uamuzi wa mwisho juu ya mameya ulibaki mikononi mwake.

Vyama vya siasa havikuwa vimekubaliwa bado. Basi kazi ya kukusanya kura iliangukia vyama vya watu wa asili moja, na katika hilo watu wa Kasai walikuwa wamejipanga vyema kuliko wengine. Mameya wanne wa komine za Waafrika walipotangazwa, watatu walikuwa watu wa Kasai na mmoja alitoka Kivu. Mkatanga hakuwamo.

Kwa kipimo cha sheria hapakuwa na kosa: wateuliwa walikuwa wakazi, walikuwa na elimu, na walikuwa wamepata kura. Hata hivyo wasomi wa Kikatanga waliona wameshindwa nyumbani kwao. Oktoba 1958 waliunda CONAKAT, Godefroid Munongo akiwa rais wake wa kwanza. Moïse Tshombe alimfuata mwaka 1959. Mwaka huo huo, chama cha walowezi wa Kizungu, Ucol-Katanga, kilijiunga nao. Jambo hili lastahili kuzingatiwa: watu waliotoka Ubelgiji walisimama upande wa wenyeji dhidi ya mtu wa Kasai aliyezaliwa Elisabethville. Dhahiri, hoja ya asili haikuhusu umbali wa alikotoka mtu. Ilihusu nani ashike mamlaka.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, hali iliyodumu hadi Januari 1963. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa tena kwa wingi, hasa kutoka Likasi na Kolwezi. Wengine walisubiri treni kwa majuma mengi katika vituo, na wengine walifia hapo hapo.

Hitimisho

Si haki kusema kwamba kura za 1957 ndizo zilizoleta maafa hayo. Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa na sera ya kuajiri, iliyoleta watu bila kuwapa uraia wa mji, na vilevile iliyowanyima wenyeji shule na kazi. Kura ziliifichua tu.

Desemba 2023 wakazi wa Lubumbashi walichagua madiwani wa komine kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Kisheria, madiwani hao ndio wenye jukumu la kuchagua mameya wa komine. Swali la mwenyeji lingalipo, na mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia. Lugha anayoisoma ni ushahidi kwamba mji huu ulifanywa na wengi. Na aliyeshiriki kuufanya mji hawezi kuambiwa kwa haki kwamba si wake.