Tantali
Tantali nm [i-] (alama Ta, namba atomia 73) ni metali adimu ya kijivu. Kwa ujazo ulio sawa, uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa risasi. Haishiki kutu, na katika asidi ni chache mno ziwezazo kuila, mojawapo hidrofloriki. Mswidi Anders Ekeberg, aliyeigundua mwaka 1802, aliiita kwa jina la Tantalo wa visasili vya Kiyunani, aliyesimama majini asiweze kunywa.

Matumizi: Wengi huiita koltani, nao hukosea. Koltani ni mawe yenye kolumbiti na tantaliti. Tantali hutolewa humo kiwandani, ikatiwa katika kapasita za simu. Wachimbaji wa Rubaya, Kivu Kaskazini, huuza koltani, si tantali. Tofauti ya maneno hayo ndiyo tofauti ya bei.