Bima ya maisha, ya kipato na ya maradhi mazito: historia ya kinga tatu

Bima ya maisha ina umri wa zaidi ya miaka 400. Bima ya kipato ilichipuka katika vyama vya mafundi na vibarua. Bima ya maradhi mazito ilibuniwa na daktari wa upasuaji kutoka Afrika Kusini. Makala yetu ya historia inaeleza kwa nini kinga hizo tatu zilizaliwa kwa nyakati tofauti, na kwa nini moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Wengi wenu mnaotusikiliza kutoka London, Muscat, Dubai au Toronto mnategemewa na watu walio mbali nanyi. Mshahara mmoja hulipa kodi ya nyumba huko ughaibuni, na mshahara huohuo hulipa karo na dawa za jamaa walioko Tanga, Mombasa, Unguja au Bukavu. Ukikatika, nyumba mbili hutikisika kwa pamoja. Anayekwenda kwa wakala wa bima kutafuta kinga dhidi ya balaa hilo huwekewa mezani majina matatu: bima ya maisha, bima ya maradhi mazito na bima ya kipato. Husikika kama ndugu wa baba mmoja. Historia, hata hivyo, inaonyesha kwamba kila moja ilibuniwa kuziba pengo lililoachwa na mwenzake.

Neno lenyewe "bima" si geni katika Bahari ya Hindi. Wahindi na Waajemi nao wanalo, na lilifika pwani yetu kwa njia ileile ya biashara iliyoleta vitambaa na viungo. Ulaya pia bima ilianza kwa vyombo vya baharini na shehena zake. Kutoka kukatia bima jahazi hadi kukatia bima roho ya nahodha hatua haikuwa ndefu.

Mkataba wa kale zaidi wa bima ya maisha unaojulikana kwa undani nchini Uingereza ulitiwa saini London tarehe 18 Juni mwaka 1583. Bwana Richard Martin aliukatia bima uhai wa William Gybbons kwa muda wa miezi 12. Gybbons alifariki dunia mwaka uliofuata, kabla miezi 12 ya kalenda haijatimia. Wafanyabiashara waliodhamini mkataba huo wakakataa kulipa. Hoja yao ilikuwa kwamba mwezi una siku 28, kwa hiyo miezi 12 ilikuwa imekwisha siku chache kabla ya kifo. Shauri likafikishwa mahakamani, na Martin akashinda. Basi tangu siku hizo za mwanzo ugomvi haukuwa juu ya msiba wenyewe, kwani hakuna aliyekana kwamba Gybbons amekufa. Ugomvi ulikuwa juu ya maana ya neno moja lililoandikwa katika hati.

Kwa muda mrefu bima ya aina hiyo ilikaribia kamari, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hesabu ni watu wangapi hufa katika kila umri. Mwaka 1693 mwanafalaki Edmond Halley, ambaye jina lake limepewa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la vifo lililotokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Jedwali hilo lilionyesha kwamba ingawa hakuna ajuaye siku ya mtu mmoja, vifo vya watu wengi kwa pamoja hufuata mpango unaoweza kukadiriwa.

Waliolitumia elimu hiyo kwa faida ya wanyonge ni wachungaji wawili wa Kanisa la Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster. Wakati huo mchungaji alipofariki, mjane wake alilazimika kuihama nyumba ya kanisa, mara nyingi bila ya kitu mkononi. Wachungaji hao walikusanya takwimu za wenzao, za wajane na za mayatima, wakamshirikisha mtaalamu wa hisabati Colin Maclaurin, na mwaka 1744 mfuko wao ukaanza kazi. Michango haikugawanywa papo hapo. Iliwekezwa, na wajane wakalipwa kutokana na faida. Makadirio yao ya ukubwa wa mfuko katika miaka iliyofuata yalikaribia sana ukweli.

Kamari nayo haikuachwa itambe. Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopiga marufuku kukatia bima uhai wa mtu ambaye kifo chake hakitakutia hasara yoyote. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiwekeana dau juu ya vifo vya watu mashuhuri ambao hata hawakuwahi kuonana nao. Kuanzia hapo bima ya maisha ikawa na maana tunayoifahamu leo: fedha za kuwasaidia wale ambao kifo cha mtu kitawaacha katika dhiki.

Lakini je, vipi yule ambaye hakufa?

Fundi aliyevunjika mguu katika karne ya 18 au 19 hakuwa na mjane wa kulipwa. Yeye mwenyewe alikuwa hai, ana njaa, na watoto wake wana njaa. Jibu lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Kote Uingereza waliunda vyama vya kusaidiana. Kila mwanachama alitoa senti chache kwa wiki, na alipougua alipewa posho hadi atakaporejea kazini. Haba na haba hujaza kibaba. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawatapata taabu kuvielewa vyama hivyo, kwani vinafanana na vyama vyetu vya kuzikana na kufaana. Tofauti ni kwamba vingi vya kwetu huchangamka zaidi palipo na maiti kuliko palipo na mgonjwa wa muda mrefu.

Baadaye serikali zikaingilia kati. Nchini Ujerumani, Kansela Otto von Bismarck alipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, ikafuatiwa na ya ajali mwaka 1884 na ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Uingereza ilifuata mwaka 1911 kwa sheria iliyosimamiwa na waziri wa fedha David Lloyd George. Mfanyakazi wa kiume alichangia peni 4 kwa wiki, mwajiri peni 3 na serikali peni 2. Aliyeugua alilipwa shilingi 10 kwa wiki, kwa kipindi chenye kikomo. Kikomo hicho ndicho kilichobakisha nafasi kwa bima ya binafsi ya kipato, ile inayolipa sehemu ya mshahara kila mwezi hadi mtu apone, astaafu au muda wa mkataba umalizike. Hata leo, malipo ya ugonjwa ambayo sheria ya Uingereza inamlazimisha mwajiri kuyatoa hayazidi wiki 28.

Kinga ya tatu ilizaliwa barani Afrika. Tarehe 3 Desemba mwaka 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Dakta Christiaan Barnard aliongoza upasuaji wa kwanza duniani wa kumpandikiza binadamu moyo wa binadamu mwingine. Katika jopo lake alikuwemo mdogo wake, Marius Barnard. Christiaan alipata umaarufu ulimwenguni kote. Marius yeye alibaki na swali lililomsumbua kwa miaka mingi.

Aliona wagonjwa wengi zaidi wakiokolewa na maendeleo ya tiba, kisha akawaona wakirudi katika maisha yaliyovunjika. Mara nyingi alisimulia habari za mama mmoja wa watoto wawili, aliyetalikiwa, ambaye alimfanyia upasuaji wa saratani ya mapafu. Mama huyo alirejea kwake baadaye akiwa amedhoofika mno. Muda wote huo alikuwa akienda kazini, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuwalisha wanawe. Kama angekuwa na bima ya maisha, isingemsaidia kupumzika, kwa kuwa bima hiyo ilisubiri kifo chake. Dakta Barnard akahitimisha kwamba tabibu anaweza kuutibu mwili, lakini hana dawa ya madeni.

Akabisha hodi katika kampuni za bima akiwa na wazo lake: mgonjwa alipwe fedha za mkupuo mara tu ugonjwa mzito unapothibitishwa, angali hai. Hatimaye kampuni ya Crusader Life ya Afrika Kusini ilikubali, na mwaka 1983 bima hiyo ikazinduliwa. Ilihusu mambo manne tu: mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani na upasuaji wa mishipa ya moyo. Haikuchukua miaka mingi kufika Uingereza, na kutoka hapo ikaenea Asia na Australia. Dakta Marius Barnard, ambaye pia aliwahi kuwa mbunge wa upinzani wakati wa ubaguzi wa rangi, alifariki dunia mwaka 2014.

Hata hivyo, wapenzi wasikilizaji, uvumbuzi huo ulifufua ugomvi uleule wa mwaka 1583. Kifo ni rahisi kuthibitisha. Lakini saratani ni nini? Vipimo vya kisasa hugundua uvimbe mdogo sana ambao zamani usingeonekana, na ambao huenda hautamdhuru mtu. Mshtuko wa moyo wa ukubwa gani unastahili kulipwa? Kila kampuni ilikuwa na tafsiri yake, na wagonjwa waliokuwa na hakika ya kulipwa walijikuta wakinyimwa. Ndipo mwaka 1999 kampuni za bima za Uingereza, kupitia chama chao, zikakubaliana juu ya tafsiri za pamoja za maradhi makuu.

Palikuwa pia na tatizo la maswali ya afya. Sheria ya zamani ilimtaka mteja aeleze jambo lolote lenye uzito hata kama hakuulizwa. Msingi huo ulielezwa na jaji Lord Mansfield mwaka 1766, katika kesi iliyohusu ngome ya Kiingereza huko Sumatra, na ukaja kuwaangukia wagonjwa karne mbili baadaye. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ilipunguza mzigo huo: mteja wa kawaida sasa anatakiwa kuyajibu maswali anayoulizwa kwa ukweli na uangalifu.

Kwa Waislamu wengi miongoni mwa wasikilizaji wetu, swali lilianzia mbali zaidi: je, bima yenyewe inafaa? Nchini Sudan kampuni ya bima inayofuata misingi ya Kiislamu ilianzishwa mwaka 1979. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliikataa bima ya kibiashara na kuikubali ile ya ushirika, ambamo washiriki huchangiana hasara. Bima hiyo, iitwayo takaful, ilipata kampuni nchini Kenya mwaka 2011, na Oman ikaitungia sheria yake mwaka 2016.

Je, historia hii inamfundisha nini mtu anayechagua leo? Kwanza, aulize anaogopa nini. Mwenye watoto wadogo na wazee wanaomtegemea anahitaji bima ya maisha, kwani kifo chake ndicho kitakachowaacha mikono mitupu. Mwenye deni la nyumba anaweza kuhitaji fedha za mkupuo akipatwa na maradhi mazito. Lakini anayeishi kwa mshahara peke yake akumbuke kwamba maumivu ya mgongo na maradhi ya akili humweka mtu nje ya kazi kwa miezi mingi, na kwa kawaida hayamo katika orodha ya maradhi mazito. Pengo hilo huzibwa na bima ya kipato.

Pili, asome maneno. Je, bima ya kipato italipa endapo hawezi kufanya kazi yake mwenyewe, au ni mpaka ashindwe kufanya kazi yoyote ile? Dereva wa lori aliyepofuka jicho moja ataijua tofauti hiyo. Malipo yataanza baada ya wiki ngapi? Je, bima aliyopewa na mwajiri itaendelea akiacha kazi? Na kwa msafiri, lipo swali kubwa kuliko yote: mkataba uliotiwa saini Dubai au Leicester utaendelea kutambuliwa siku atakaporejea Zanzibar?

Richard Martin alishinda kesi yake kwa sababu mahakama iliisoma hati kama watu wa kawaida wanavyouelewa mwezi. Si kila mdai amepata bahati hiyo tangu wakati huo. Maswali haya ni nafuu kuulizwa mtu akiwa mzima na kalamu i mkononi, kuliko kuulizwa na mkewe au mumewe akiwa kando ya kitanda cha hospitali.