Punda akichechemea: somo kutoka kwa farasi wanaotembezwa ndani ya maji

Ile mashine ya kukimbilia ya jimu, Ulaya na Marekani wanaiweka ndani ya tangi la maji na kumtembeza farasi juu yake. Ni mazoezi na tiba kwa farasi walioumia kano za miguu.

Siri ni maji. Yakifika usawa wa nyonga, hubeba takriban robo tatu ya uzito wa mnyama. Yakiishia kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, hupunguza asilimia 10 hadi 15 tu. Misuli inafanya kazi kusukuma maji, lakini mguu haugongwi sana na ardhi.

Karatu na Ngorongoro farasi ni wachache. Anayebeba maji na kuni ni punda, na mashine hiyo hana. Ila kanuni ni ileile: mguu upunguziwe uzito kwanza, kazi irudi taratibu.

Punda wako akichechemea:

- Mpumzishe. Usimtwishe hata dumu moja.
- Kagua kwato: jiwe, mwiba, usaha.
- Muite mtaalamu wa mifugo.
- Akipata nafuu, atembee mtupu kwanza, halafu mzigo mdogo.

Na mwenye kidonda kibichi usimuingize mtoni. Maji machafu yanaleta vijidudu.

Ni kweli, punda akipumzika, nyumbani maji yanabebwa kichwani. Lakini ukimrudisha kazini mapema, huenda asibebe tena kabisa.