Miezi Sita ya Kifungo: Mbwa wa Wasafiri na Sheria ya Karantini Nchini Uingereza

Tangu amri ya mwaka 1897 iliyodhibiti uingizaji wa mbwa kutoka ng'ambo hadi mpango mpya ulioanza tarehe 28 Februari 2000, Mwingereza aliyetaka kuvuka bahari alikuwa na njia mbili tu kuhusu mbwa wake: amwache nyumbani kwa mtu wa kumtunza, au aende naye akijua kwamba siku ya kurudi mnyama huyo angetengwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kukanyaga kizingiti cha nyumba yake. Utengaji huo uliitwa karantini, yaani kumweka mnyama mahali palipoidhinishwa na serikali, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, mpaka iwe dhahiri kwamba hana ugonjwa. Kwa hiyo jirani, ndugu au mwenye banda la kulipia alipojitoa dakika za mwisho, mara nyingi safari yenyewe ndiyo iliyovunjika, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa tayari kununua likizo ya wiki mbili Ufaransa kwa bei ya nusu mwaka bila mbwa wake.

Chanzo cha ukali huo ni kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaopitishwa na mate ya mnyama mgonjwa anapouma. Virusi hivyo havisambai mwilini kwa njia ya damu kama magonjwa mengi, bali hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na safari hiyo huweza kuchukua wiki chache au miezi mingi kulingana na mahali pa jeraha na wingi wa virusi. Katika kipindi hicho chote mbwa hula, hucheza na hulala kama kawaida. Dalili zinapojitokeza, kifo hakiepukiki. Hapakuwa na kipimo chochote ambacho daktari angeweza kumfanyia mbwa aliye hai na aliyeonekana mzima ili kujua kama amebeba ugonjwa, na hata chanjo aliyoitumia Louis Pasteur kumwokoa kijana Joseph Meister mwezi Julai 1885 ilikuwa tiba ya mtu aliyekwisha kuumwa, wala haikusema lolote kuhusu afya ya mbwa aliyesimama gatini. Mtunga sheria alibaki na kipimo kimoja, ambacho ni muda. Kwa vile mbwa wengi walioambukizwa huugua ndani ya miezi sita, kipindi hicho kilichukuliwa kuwa mpaka kati ya shaka na usalama.

Karantini isingekuwa na maana kama ugonjwa ungeendelea kuwamo ndani ya kisiwa, na kazi ya kuuondoa ilimwangukia Walter Long, aliyeongoza Bodi ya Kilimo kuanzia mwaka 1895 hadi 1900. Long aliamuru kwamba katika wilaya zenye ugonjwa kila mbwa anayetoka nje avalishwe kifunga mdomo, yaani kikapu cha waya au ukanda unaomzuia kuuma, na mbwa wazururaji wakamatwe. Amri hiyo ilimletea chuki kubwa, na chama cha kutetea mbwa kilichoanzishwa mwaka 1891, National Canine Defence League, kilikuwa miongoni mwa waliopinga ufungaji wa midomo. Malalamiko hayo hayakuwa ya mapenzi kwa wanyama peke yake, maana mbwa wa mawindo wa matajiri walisamehewa kifunga mdomo wanapokuwa kazini, ilhali mbwa wa fundi viatu wa mjini alilazimika kukivaa hata anapokwenda dukani na bwana wake. Hata hivyo sera ilifaulu, kwani kufikia mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetokomezwa nchini, na tangu mwaka huo hakuna mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo baada ya kuumwa na mbwa ndani ya kisiwa hicho. Amri ya mwaka 1897 ilibaki kuwa mlinzi wa mafanikio hayo, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikazwa hadi kufikia miezi sita kamili.

Mlinzi huyo alipitwa kwa mara ya kwanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanajeshi waliokaa miaka kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji walikuwa wameokota mbwa, wakawalisha na kulala nao, na wengine walipopanda meli za kurudi kwao waliwaficha ndani ya makoti na mizigo badala ya kuwatelekeza vitani. Mwaka 1918 ugonjwa ulizuka kusini-magharibi mwa Uingereza, na ilichukua hadi mwaka 1922 kuufuta tena kwa vifunga mdomo na vizuizi vya kuwasafirisha mbwa kutoka wilaya moja hadi nyingine. Baada ya vita, mashirika ya hisani, likiwamo Blue Cross, yaliwatunza mbwa wa wanajeshi katika mabanda ya karantini, hatua ambayo pengine ilizuia maambukizi kuliko polisi wote wa bandarini, kwa kuwa askari asiye na fedha aliyejua kwamba mbwa wake angetunzwa hakuwa tena na sababu kubwa ya kumficha.

Himaya nayo ilikuza tatizo hilo. Maofisa, wamisionari, walowezi na wafanyabiashara waliotumwa India, Malaya au Afrika Mashariki walifuga mbwa huko, na muda wao wa utumishi ulipomalizika walilazimika kuchagua. Nchini Kenya, kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi mwaka 1912, kwa hiyo kila mbwa aliyetoka koloni hilo alionekana kuwa mtuhumiwa alipofika katika bandari ya Uingereza. Baadhi ya wenye mbwa waliwarithisha wenzao waliobaki, wengine walilipia karantini, na wapo walioamua kuwaua kwa sindano kabla ya kuondoka. Sheria iliyosifiwa London kwa kulinda kila mtu kwa usawa ilikuwa na uzito tofauti kabisa kwa mtu aliyeishi kwa kuhamahama kikazi, ambaye hakuwa na ndugu wa karibu wa kumwachia mnyama wala mshahara wa kugharimia miezi sita.

Aliyekuwa na fedha nyingi alitafuta mwanya. Mwaka 1968 waigizaji Elizabeth Taylor na Richard Burton waliwaweka mbwa wao ndani ya chombo kilichotia nanga katika mto Thames, kwa vile mnyama asiyeshushwa nchi kavu hakuhesabiwa kuwa ameingia nchini. Magazeti yalilichukulia jambo hilo kama kioja cha watu mashuhuri, ingawa lilionyesha waziwazi jinsi sheria ilivyojengwa juu ya mstari wa pwani: hatari ileile ya kiafya ilikuwa halali umbali wa hatua chache kutoka gatini na haramu ikishavuka ubao wa kushukia.

Mwaka uliofuata ulileta kisa kilichowatikisa watunga sera kuliko vyote. Mwezi Oktoba 1969, katika mji wa Camberley, mbwa aliyeletwa kutoka Ujerumani na kukamilisha miezi yake sita aliugua siku kumi hivi baada ya kuachiwa, akawauma watu wawili. Eneo la jirani liliwekewa vizuizi, na wanyama pori wakapigwa risasi kwa hofu kwamba ugonjwa ungeingia kwa mbweha. Mwanzoni mwa mwaka 1970 mbwa mwingine, aliyetoka Pakistani na kumaliza karantini, alipatikana na ugonjwa huohuo huko Newmarket. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Ronald Waterhouse ilipochunguza mfumo huo, mambo mawili yalidhihirika: kwamba muda peke yake hautoi uhakika kamili, na kwamba mabanda ya karantini, yaliyokusanya wanyama kutoka kila pembe ya dunia, yangeweza yenyewe kuwa mahali pa kuambukizana. Kuanzia hapo wanyama walianza kuchanjwa wanapoingia karantini. Chanjo ambayo serikali haikuwa tayari kuitegemea mpakani ikawa ndiyo kinga ya ndani ya banda. Sheria ya mwaka 1974 iliongeza adhabu hadi kifungo cha mwaka mmoja, na mabango ya kuonya dhidi ya kichaa cha mbwa yalibandikwa bandarini ili mabaharia na watalii wa mashua wasiseme hawakujua.

Wakati Uingereza ikikaza fundo, bara la Ulaya lilikuwa linapambana na ugonjwa huo porini. Wimbi la kichaa kilichoenezwa na mbweha lilianzia Poland karibu na mwaka 1940, likasogea magharibi mwaka hadi mwaka, na mwaka 1968 likafika Ufaransa. Hofu kwamba mbweha mmoja angevuka mlango wa bahari ndiyo iliyoyapa mabango yale uzito wake. Suluhisho lilitoka Uswisi, ambako mwaka 1978 wataalamu walisambaza chambo cha vichwa vya kuku vyenye chanjo katika bonde la mto Rhône, ili mbweha wajichanje wenyewe kwa kula. Mbinu hiyo iliboreshwa na kuenezwa kwa ndege, hata Uswisi ikatangazwa kuwa huru mwaka 1999 na Ufaransa mwaka 2001. Kufikia hapo njia ya reli chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1994, na mwaka huohuo Uswidi na Norwei zilikuwa zimekwisha kufuta karantini kwa mbwa kutoka nchi za Ulaya zilizohusika, zikaweka chanjo na kipimo cha damu mahali pake.

Kampeni ya kubadili sheria iliongozwa kwa kiasi kikubwa na watu walioumizwa nayo, na haishangazi kwamba wengi wao walikuwa wanadiplomasia na familia zao. Lady Mary Fretwell, mke wa aliyekuwa balozi wa Uingereza nchini Ufaransa, alianzisha kundi la Passports for Pets. Chris Patten, gavana wa mwisho wa Hong Kong, alipoondoka huko mwaka 1997 aliwapeleka mbwa wake, Whisky na Soda, Ufaransa badala ya kuwatia kifungoni Uingereza, na jambo hilo likazungumzwa zaidi kuliko ripoti nyingi za kitaalamu. Hata hivyo hoja iliyoamua mambo ilitoka katika ripoti ya jopo la Profesa Ian Kennedy, iliyotolewa mwaka 1998 na kupendekeza kwamba mbwa wa nchi zenye hatari ndogo waruhusiwe kuingia bila karantini wakitimiza masharti.

Masharti hayo, yaliyoanza kutumika katika mpango wa Februari 2000, yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu yanaonyesha kwamba chanjo haikuwa kikwazo pekee. Mbwa ni mnyama asiyejieleza, na cheti cha karatasi kilichosema kwamba mbwa mweusi wa kiume amechanjwa kingeweza kutumiwa kwa mbwa mweusi mwingine yeyote. Kwanza, basi, aliwekwa maikrochipu, yaani kidude kidogo cha kielektroniki kinachopachikwa chini ya ngozi na kusomwa kwa mashine, ili namba iliyo mwilini ilingane na ya kwenye cheti. Kisha alichanjwa, na baadaye damu yake ikapimwa kuona kama ina kingamwili za kutosha, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Kiwango kilichotakiwa hakikupungua yuniti 0.5 kwa kila mililita. Baada ya kipimo hicho alisubiri miezi sita, sasa akiwa nyumbani kwake, na saa 24 hadi 48 kabla ya kurudi alitibiwa kupe na aina ya tegu ambaye lava wake humshambulia binadamu kwenye ini. Muda ule wa zamani haukufutwa. Ulihamishwa kutoka bandani hadi sebuleni, kwa kuwa kwa mara ya kwanza serikali iliweza kuwa na hakika kwamba mbwa anayerudi ndiye yuleyule aliyepimwa.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya kulegeza. Pasi ya wanyama ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika mwaka 2004, na tarehe 1 Januari 2012 Uingereza ilikubali kanuni za wenzake: kwa nchi zilizoorodheshwa kuwa na hatari ndogo, kipimo cha damu kiliondolewa na kusubiri kukawa siku 21 baada ya chanjo. Ulegezaji huo uliwafungulia mlango pia wafanyabiashara wa watoto wa mbwa, waliowaleta kutoka mashariki mwa Ulaya kana kwamba ni wanyama wa familia inayosafiri, na hapo inawezekana kusema kwamba Uingereza ilikimbia haraka kupita kiasi. Tangu Januari 2021, baada ya nchi hiyo kutoka katika Umoja wa Ulaya, mbwa wake wanaokwenda bara huhitaji cheti cha afya kinachotolewa ndani ya siku kumi kabla ya kuingia, kwa kila safari. Aliyeachwa na mlezi wa mbwa wiki moja kabla ya ndege kuruka, ikiwa mbwa wake ana maikrochipu na chanjo ambayo muda wake haujaisha, anaweza sasa kuondoka naye. Ikiwa hana, siku 21 zitamzuia vilevile.

Kwa mbwa wa Kenya na Tanzania, nchi ambazo hazimo katika orodha hizo, karantini ya Uingereza ilidumu hadi mwaka 2012. Tangu hapo mnyama huchanjwa, hupimwa damu siku 30 au zaidi baadaye, kisha husubiri miezi mitatu kuanzia siku damu ilipochukuliwa, na akisafiri kwa ndege huingia Uingereza akiwa shehena iliyoandikishwa, si pamoja na abiria. Jumla ni kama miezi minne, na familia ya Nairobi au Dar es Salaam inayohamia London lazima ianze hesabu hiyo kabla hata ya kukata tiketi.