Ngazi ya Nguvu ya Msuli

Mwanariadha mwenye ulemavu hupimwa misuli kabla ya kupangiwa kundi, na anayepima hatafuti ubingwa wake. Anatafuta kiasi ambacho jeraha au ugonjwa umempunguzia, ili ashindane na wenzake waliopungukiwa kwa kiasi kinachokaribiana.

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Kitanda, mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia na jicho lililofunzwa vinatosha, hivyo kinaweza kufanyika hata Bugomora, wilayani Kyerwa. Kila msuli hupewa namba kati ya 0 na 5, utaratibu ulioenezwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1943, vita vikiendelea, kwa ajili ya majeruhi wa neva. Kwenye 0 hakuna kinachotikisika. Kwenye 1 msuli unacheza chini ya kidole cha mpimaji lakini kiungo hakisogei, na kwenye 2 kinasogea pale tu uzito wake unapoegemezwa. Wa 3 ananyoosha goti akiwa ameketi, ila ukimkandamiza kidogo mguu unashuka. Wa 4 anapambana na mkono wa mpimaji, kisha anazidiwa. Wa 5 hazidiwi.

Namba hizi tuziiteje? Wepesi ungekuwa kusema daraja, nami nalikataa neno hilo. Kwetu Tanzania daraja la kwanza la kidato cha nne ndilo la juu kabisa, na sifuri ni kufeli. Mtu ambaye msuli wake ni 0 hajafeli chochote, na kumwandikia daraja sifuri ni kumwongezea mzigo. Napendekeza ngazi: huanzia chini na kupanda. Ila vipandio vyake havilingani. Cha 4 ni kipana mno, kinabeba anayezidiwa kwa kidole na anayekaribia kumshinda mpimaji, kwa hiyo wastani wa ngazi mbili hauna maana ya kuaminika.

Tena ngazi ina kikomo. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alipata shaba ya kunyanyua vitu vizito kwa wenye ulemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham mwaka 2022, lakini mkono wa bingwa na wa mkulima mwenye afya, yote miwili hupewa 5. Tofauti yao huonekana kwa dainamomita, kifaa kinachosoma kani kwa niutoni. Kani ndilo neno la vitabu vyetu vya sayansi, nami ningelibakiza kwa kifaa hiki, ngazi ikibaki ya mkono.

Kutenganisha ngazi na kani ni suala la haki. Katika mbio za viti vya magurudumu, wa kundi T53, alilokuwamo Anne Wafula Strange aliyeiwakilisha Kenya katika Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, wana mikono kamili, ila kiwiliwili hakiwasaidii au kinawasaidia kidogo. Wa T54 kinawasaidia zaidi. Mazoezi hukuza nyuzi ambazo bado zina neva, hayafufui neva iliyokufa. Mtu aliyekomaza mabega kwa kupanda vilima vya Bugomora kwa baiskeli ya mikono asihamishiwe kundi gumu kwa sababu ya jasho lake.

Ndiyo maana karatasi ya mpimaji inapaswa kutaja mjongeo na ngazi yake, kwa mfano “kunyoosha goti la kulia, ngazi 3”, na kani iandikwe mahali pake, pamoja na mkao wa mwanariadha na sehemu kifaa kilipowekwa: kikishikizwa karibu na goti kitasoma namba kubwa kuliko karibu na kifundo, mguu ukiwa ni uleule.