Maua ya kioo yarudi tanurini

Krismasi inapokaribia, mafundi wa kioo wa Ulaya na Marekani hutengeneza nyota, kengele na miti ya kuning'iniza dirishani. Juu ya kioo bapa hupanga vidonge vidogo, kila kimoja kikiwa na ua au nyota ndani yake, kisha hufunga tanuri ya umeme. Vidonge hivyo huitwa murrine, na wengi huamini asili yake ni Murano, kisiwa cha Venice. Murano ina sifa yake, lakini kuvipanga na kuviunganisha tanurini kulianza Venice ikiwa bado haijajengwa.

Kazi yote imo katika ufito. Fundi huweka kioo cha moto tabaka juu ya tabaka, rangi kwa rangi, hadi apate bonge lenye mchoro unaopenya kutoka ncha hadi ncha. Watu wawili hulishika huku na huku, wakaachana kinyumenyume. Bonge hurefuka likawa ufito mwembamba, na mchoro hupungua bila kupoteza umbo. Ukipoa hukatwa kama pingili za mua, na kila kipande hutoa ua lile lile.

Wamisri wa zama za Ptolemaio na za Warumi waliufikisha ufundi huu mbali. Walitengeneza fito zenye nyuso za barakoa za maigizo, lakini nusu uso tu. Walikata vipande viwili, wakageuza kimoja, wakaviunganisha ubavu kwa ubavu: uso ukatimia, umelingana kuliko wa binadamu yeyote. Wapo watakaouita uvivu. Mimi nauita akili. Mabakuli nayo yalitokana na vipande vilivyopangwa, vikayeyushwa vikashikana, kisha bamba likalainishwa juu ya kalibu. Mabakuli ya namna hiyo yalikuwamo katika meli iliyozama karibu na Antikythera, Ugiriki, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ambayo wapiga mbizi wa sifongo waliivumbua mwaka 1900.

Kisha watu wakajifunza kupuliza kioo. Chombo kikawa rahisi na cha haraka, na kazi ya kupanga vipande ikafifia.

Venice ilihamishia tanuri zake Murano mwaka 1291 kwa kuhofia moto, lakini murrine zilistawi hasa karne ya 19. Giacomo Franchini alitengeneza fito zenye sura za wakubwa wa siku zake, akiwemo shujaa wa Italia Garibaldi, katika kipande kisichozidi ukucha. Katika miaka ya 1870 Vincenzo Moretti aliyafufua mabakuli ya Kirumi. Mbinu hiyo hiyo ya kuvuta kioo, safari hii kikiwa na tundu katikati, ndiyo iliyozaa shanga za Venice zilizofika Unguja na kupandishwa bara na misafara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko bara kuanzia 1857, aliandika kuhusu zile zilizoitwa samisami, nyekundu juu ya nyeupe, akasema ziliitwa pia kivunja-mji kwa jinsi wanawake walivyozipenda.

Kuvirudisha vidonge hivyo katika tanuri ya nyumbani kulikuwa na kikwazo: kupanuka na kusinyaa kwa kioo. Vioo viwili vinavyosinyaa kwa viwango tofauti hupasuka vikishashikana, pengine baada ya miezi. Kipimo cha kupanuka cha kioo cha Murano ni 104, wakati kioo kingi cha kuunganisha tanurini ni 90 au 96. Kampuni ya Bullseye, iliyoanzishwa Portland, Oregon, mwaka 1974, ilikuwa miongoni mwa waliotengeneza vioo vilivyopimwa ili vioane, na fito zilizopimwa vivyo hivyo zikafuata. Kwa hiyo anayenunua vidonge vya sikukuu huuliza namba kwanza, rangi baadaye.

Linalobaki ni joto. Karibu nyuzi 750 za Selsiasi kidonge hunata kikiwa kimeinuka, nawe ukipitisha kidole unakihisi. Zidi 800, hudidimia, na ua hubaki ndani ya kioo kilicho bapa kabisa.